Kiduha Shambani kwa Mama

Kiduha ni ua zuri, na hilo ndilo jambo la kwanza linaloniudhi. Kingekuwa na miiba, au kingenuka, au kingekuwa na utomvu wa kuwasha, watu wangekishughulikia mapema. Lakini wapi. Kinasimama chini ya mtama, kimo cha goti, kimevaa maua ya zambarau, na mgeni akipita njia ya Musoma mwezi wa tano anaweza kudhani kwamba watu wa huku tumepanda bustani. Siku moja nilikuwa kwenye gari la harusi, dada mmoja kutoka mbali akachungulia dirishani akasema, "Jamani, mazuri hayo!" Nilitaka kumfinya.

Wizi wake hufanyika chini ya ardhi. Kabla hakijachomoza, mizizi yake imeshaukamata mzizi wa mtama na kuanza kuunyonya. Ukikiona juu, ujue kimeshakula wiki kadhaa. Chenyewe ni mmea wa msimu mmoja tu, hakimalizi mwaka: kinatoka, kinachanua, kinakauka. Lakini kikikauka kinamwaga mbegu laini kama ugoro, maelfu kwa maelfu, na hizo hulala ardhini miaka kumi na tano, hata ishirini, zikisubiri mzizi wa mtama upite karibu. Haya yote nayafundisha. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nilisomea ualimu pale Butimba, na kiduha nakichora ubaoni kwa chaki za rangi kila mwaka. Nayasema mapema ili msomaji asije akanionea huruma nisiyostahili.

Mama yangu hakusoma baiolojia. Alikuwa na shamba la mtama mbele ya Igoma, ukishapita Kisesa, unaiacha lami na kupanda kilima kidogo chenye mawe makubwa. Kutoka pale juu ziwa lilionekana lote, mpaka visiwani. Baba alikufa nikiwa mdogo, sikuwa na ndugu, na shamba lile ndilo lililonisomesha. Na shamba lile lilikuwa safi. Mashamba yote yaliyolizunguka yalikuwa na kiduha, mengine yalikuwa nacho tangu kabla sijazaliwa. La mama halikuwa nacho.

Halikuwa nacho kwa sababu mama alikuwa mkorofi. Pale mpakani, penye njia ya kuingilia, aliweka beseni la maji na kipande cha gunia. Yeyote aliyeingia shambani kwake alipaswa kugonga jembe kwenye jiwe mpaka udongo wa kwingine udondoke, alisuuze, kisha aoshe miguu. Majirani walipalilia kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, kwa hiyo kila msimu kundi zima la kina mama lilipanga foleni pale kwenye beseni. Mmoja wao alizoea kusema kwa sauti, "Haya jamani, tutawadhe, tunaingia msikitini." Wote walicheka. Mama, ambaye ni Mkristo wa kukaa benchi la mbele, alisimama pale mikono kiunoni mpaka mguu wa mwisho uoshwe.

Kilichomponyoka alikifuata mwenyewe. Kuanzia mtama ukifika magotini alipita mstari kwa mstari, ameinama, akikitafuta kabla hakijafungua ua. Alichokipata hakukitupa. Alikitia kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko, akaenda kukichoma juu ya jiwe bapa lililo katikati ya shamba, kisha akafagia majivu na kuyachoma tena. Nilipokuwa darasa la tatu nilichuma maua ya kiduha njiani nikitoka shule, nikayapanga ndani ya kikombe changu cha bluu, nikayaweka mezani ili mama akirudi afurahi. Alirudi. Hakunipiga. Aliyachoma maua pamoja na kikombe, akafagia meza, akafagia nyumba, akazichoma na takataka zake. Nililia kwa ajili ya kikombe kile siku mbili, naye hakusema hata pole.

Mambo mawili yalimgombanisha na watu. Kwetu mtama ukishavunwa shamba huwa la wote. Ng'ombe wa kila mtu wanaingia kula mabua, na mwenye kuzuia anaonekana ana roho mbaya. Mama alizuia. Alikata miiba akaziba pande zote. Na jambo la pili, alikataa samadi. Jirani yake wa upande wa juu, mzee mwenye ng'ombe wengi, alimpa samadi bure mara nyingi, naye kila mara alijibu, "Ahsante, baba. Ardhi yangu ina njaa, lakini haiumwi."

Nilimsikia akisema hivyo tangu utotoni. Nilipokuwa mwalimu nilianza kumcheka kimoyomoyo. Mtama wake ulikuwa safi, ndiyo, lakini ulikuwa na masuke madogo. Nilimwambia, "Mama, udongo huu umechoka. Samadi ni chakula." Akaniambia, "Chakula cha nani?" Nikaona ni ukaidi wa wazee. Nikaliacha lile swali pale pale lilipokuwa, wala sikuligeuza kulitazama upande wa pili.

Nilikuwa na ugomvi mwingine naye mkubwa zaidi. Nilijenga nyumba Kiseke, vyumba vitatu, maji ndani, na miaka yote hiyo nilimbembeleza aje tuishi wote. Alikuja Krismasi, akalala usiku mmoja, kesho yake akaanza kutafuta viatu. "Nani atapita kwenye mistari yangu?" ndilo lililokuwa jibu lake. Nakiri kwamba nililionea wivu lile shamba. Mtu anaweza kuona wivu hata kwa mtama.

Halafu macho yake yakaanza kuharibika. Hakuniambia. Niligundua siku tuliposimama pale juu penye mawe, akaniuliza, "Siku hizi ukungu hauondoki ziwani?" Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na maji yalikuwa yanametameta mpaka unafumba macho. Ziwa lilikuwa limemtoka kwanza kwa sababu ndilo lililokuwa mbali. Nilimshika mkono nikamwongoza kushuka kama ninayemtania, na yeye akaniachia mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema atafanyiwa upasuaji na ataona, ila kwanza shinikizo la damu lishuke. Halikushuka. Tulipangiwa tarehe, tukarudishwa. Tukapangiwa nyingine, tukarudishwa tena. Mvua za kupandia zikakaribia, na mama alikuwa bado yuko kwangu Kiseke, amekaa barazani, anasikiliza redio na kukataa kula vizuri. Ndipo nikamwahidi. Nilisema, "Mama, nitalima mimi. Utakapofumbua macho utalikuta shamba lako kama ulivyoliacha."

Kisha akanielekeza kwenye mbegu. Mbegu yake ya mtama aliirithi kwa mama yake. Kila msimu alichagua masuke bora kabla ya mavuno mengine, akayafunga mafungu na kuyatundika juu ya jiko ili moshi uyalinde na wadudu. "Chukua nusu," alisema. "Nusu haishuki. Hata iwe njaa, nusu haishuki." Nikaahidi na hilo.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu. Nilipofika shambani mwezi wa kumi na moja, yule mzee wa ng'ombe alikuja kunisalimia. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwarimu. Mama yako anaendeleaje?" Tukazungumza. Akaniambia zizi lake limejaa, trekta lipo, samadi niitakayo nichukue. Nilitazama udongo ule mwepesi wa mama. Nikamfikiria anafumbua macho na kukuta mtama wenye masuke makubwa kama ngumi mbili, ameshindwa hoja na binti yake, anacheka. Nilitaka sana kumpa kitu. Hilo ndilo lililokuwa moyoni, sina la kuficha. Nikasema, "Leta, baba."

Walileta trela nne. Tukamwaga kila mahali, tukachanganya na udongo vizuri, kazi ya kusifiwa.

Ng'ombe wale walikuwa wamekula mabua na majani ya kila shamba la kilima kile, pamoja na kiduha kilichokauka na mbegu zake. Mbegu ile haifi tumboni mwa ng'ombe. Samadi yenyewe ilikuwa mbichi, haikuozeshwa wala kupata joto. Mimi hufundisha vimelea muhula wa kwanza na mbolea muhula wa pili, na kwa miaka yote ile mada hizo mbili hazikuwahi kukutana kichwani mwangu. Mama, ambaye hakumaliza darasa la nne, alizikutanisha peke yake, akaweka beseni mpakani.

Mwezi wa kwanza mtama ulitoka mweusi kwa afya. Nilikwenda kila Jumamosi, na jioni nilikaa na mama barazani nikimsimulia. Alitaka kujua kila kitu: umefika wapi, majani yana upana gani, ndege wameanza? Nilimwonyesha kwa kuushika mkono wake na kuuinua kutoka sakafuni. "Mpaka hapa, mama." Nao mwili wake ukaanza kurudi, akala, akanitania kuhusu mboga zangu zisizo na chumvi. Hata shinikizo likashuka kidogo. Nilijiona mtoto mwema.

Mwezi wa pili majani yakaanza kuwa na mistari ya njano. Yalisinyaa mchana wakati ardhi ilikuwa imelowa. Nilisimama katikati ya shamba, miguu ndani ya tope, nikitazama mmea wenye kiu wakati mvua inaunyeshea, na nikakijua kilichoko chini, kwa sababu sentensi hiyo hiyo huwa naiandika ubaoni. Wiki mbili baadaye vikachomoza. Si kimoja kimoja. Kila shina lilikuwa na vyake, kumi, kumi na tano, vimelizunguka.

Niling'oa. Niling'oa Jumamosi nzima na Jumapili baada ya ibada, mpaka vidole vikatoka malengelenge, na sikuwa nimefika hata robo. Jumatatu nilikuwa darasani. Jumamosi iliyofuata pale nilipokuwa nimeng'oa palikuwa pamejaa tena. Nikaita vibarua, wakang'oa siku mbili wakachoka, na waling'oa wakiacha mafungu shambani kama magugu ya kawaida, nami nilikuwa mjini nasahihisha mitihani. Mwezi wa nne maua yakafunguka. Yule mzee alipita, akasimama, akatazama zambarau ile yote. "Kiduha kipo tu, mwarimu," alisema kwa upole. "Sisi tumeshakizoea." Alikuwa ananifariji. Ningependa anitukane.

Na nyumbani mama aliuliza.

"Mtama umefika wapi?"

"Kifuani, mama."

"Na kile?"

Hakupenda kukitaja jina. Nikasema, "Kilitoka kimoja kimoja. Nimeking'oa."

"Umekichomea wapi?"

"Kwenye jiwe."

"Ukafagia?"

"Nikafagia."

Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaupigapiga. "Ng'wanone," alisema. Mwanangu. Mama si mtu wa kusema maneno hayo, wala kwa Kiswahili wala kwa Kisukuma. Aliyasema kwa uongo wangu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na daktari. Mwanzoni mwa mwezi wa tano shinikizo lilishuka kabisa, wakamfanyia jicho la kulia, kesho yake asubuhi nesi akamfungua bandeji. Mama alipepesa, akanitazama kwa muda. "Kumbe umeota mvi," alisema. Nesi alicheka, nami nikacheka nikilia, na wote wakadhani nalia kwa furaha. Nilikuwa na furaha, lakini nyingi ilikuwa hofu.

Nilimzungusha wiki tatu. Mara barabara imeharibika, mara daktari hajaruhusu vumbi, mara mitihani. Mama alisubiri kwa adabu ya mgeni. Asubuhi moja nilimkuta amekaa barazani amevaa viatu vyake vya shamba, kilemba kichwani, ndoo ya rangi pembeni. Sijui aliitoa wapi. Nikachukua ufunguo wa gari.

Njiani nilijaribu mara mbili kusema. Tulipofika Igoma nilisema, "Mama, kuna jambo." Akasema, "Angalia mbele, unaendesha." Sikusema tena. Tuliacha gari chini, akapanda kilima mbele yangu, haraka kuliko mimi. Pale juu penye mawe aligeuka kwanza upande wa ziwa. Lilikuwepo lote, na visiwa vyake, na mitumbwi. "Limerudi," alisema. Alisimama kulitazama kwa raha, nami nikatamani asigeuke.

Akageuka.

Sikuwahi kuona shamba zuri vile. Mtama ulikuwa umedumaa, mfupi kuliko mama, bila masuke, mabua makavu tu, na chini yake yote ilikuwa zambarau kutoka miiba ya upande huu mpaka miiba ya upande ule. Nyuki walikuwa wanavuma. Beseni lilikuwa pale pale mpakani, limejaa maji ya mvua. Mama alilisogelea, akainua mguu kutaka kuuosha, kisha akauteremsha bila kuuosha, akaingia.

Alitembea mpaka kwenye jiwe bapa. Jiwe lilikuwa halina jivu hata moja. Limeota ukungu wa kijani. Alilipitishia kiganja. Kisha aliinama, akachuma kiduha kimoja kilichoanza kukauka, akakipasua kwa kucha. Vumbi la mbegu likabaki kidoleni, akalitazama kwa jicho lake jipya.

"Samadi ya nani?"

Hakuuliza kama niliweka. Nilisema, "Niliitaka mimi, mama. Nilitaka upate mavuno makubwa." Nikayamwaga yote, na uongo wa barazani nikaumwaga. Nilimwambia kwamba kuna njia: tupande karanga, tupande choroko, hizo kiduha hakizinyonyi, na mbegu zitapungua pole pole ardhini.

"Kwa miaka mingapi?"

"Kumi na tano. Labda ishirini."

Alicheka kidogo kwa pua. Ana miaka sabini na minne. "Basi panda wewe," alisema.

Hakung'oa hata kimoja kingine. Aliiacha ndoo juu ya jiwe, akarudi mpakani. Pale kwenye beseni alivua viatu, akavigonga vyote viwili mpaka udongo ukadondoka, akavisuuza. Akaosha miguu, akisugua hadi kati ya vidole. Akakung'uta kanga yake ndani ya shamba letu. Maisha yake yote nilimwona mama akiosha miguu kuingia. Siku hiyo aliosha kutoka, asije akawapelekea wengine. Alipomaliza akasogea, akanisubiri. Nami nikaosha.

"Twende Kiseke," alisema.

Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo miaka mingi. Tulipitia nyumbani kwake kuchukua nguo, na akaniambia nipande juu ya kigoda nishushe mafungu ya mbegu yaliyobaki juu ya jiko.

Sasa anaishi kwangu. Anaona vizuri, anasoma hata maandishi madogo ya kwenye dawa. Hanung'uniki. Anafua, anakaa barazani, anamsalimia kila apitaye, na majirani wananiambia nina bahati, mama yangu ni mpole. Hawajui wanachokitazama. Sijawahi kuishi na mtu mpole, na huyu simfahamu.

Wiki mbili baada ya kuhamia alinipa yale mafungu, ameshayapurura, nafaka iko kwenye ungo, nyekundu na safi. "Peleka mashineni," alisema.

"Mama, hii ni mbegu. Hii ndiyo nusu."

"Ni mtama."

Nilibishana. Nilisema tutatafuta shamba lingine, nilisema tutamgawia mtu, nilisema mbegu ya bibi haiwezi kuishia hivi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akanisogezea ungo. Mashine iko karibu na kwangu, nilitembea taratibu nikiwa na ungo kichwani, nikarudi na mfuko mdogo wa unga ambao ulikuwa bado una joto.

Mama aliusonga ugali mwenyewe. Ulikuwa na harufu ya moshi wa jiko lake. Tulikaa mezani, akamega tonge, akala, akamega lingine, akala mpaka sahani yake ikaisha. Kisha akatazama yangu.

"Kula," alisema. "Usiutupe."